Mume Mwenye Nywele Nyeusi

Kwetu kuna sheria moja: chumbani kwa mama hakuna kumsahihisha mtu. Akiniita dada yake, mimi ni dada yake. Akisema kesho ana mtihani, namtakia heri. Kichwa cha mama hakikai katika mwaka mmoja, nasi tunamfuata huko huko aliko. Sheria hiyo niliitunga mimi, kwa hiyo asilaumiwe mwingine.

Aliyeumia nayo ni baba. Fundi cherehani mstaafu, kichwa cheupe pe, kila asubuhi anampelekea mkewe chai na mkewe anampokea kwa adabu zote. "Karibu, mzee. Mume wangu hayupo, ametoka kidogo." Kisha anaanza kumsifia huyo mume: anavyocheka, anavyomshonea magauni kwa kumtazama tu, bila kumpima. Baba anakaa kwenye stuli, anasikiliza sifa zake kama anasikia za jirani. Akitoka, amenuna. Jamani, mtu anajionea wivu mwenyewe!

Daktari alipotuambia kwamba maneno ya mama yanakaribia kwisha, baba alinifuata jikoni akilia waziwazi.

"Mwanangu, anitambue mara moja tu. Aniite mume wangu mimi, si huyo mwingine. Halafu basi."

Nikakasirika, maana nikimwona baba analia mimi hukasirika, ndivyo nilivyo. Nikanunua rangi nyeusi ya nywele, nikamkalisha uani, nikampaka kichwa chote na nyusi juu. Alipolalamika kwamba inawasha nikampiga kofi la begani. "Tulia, bwana harusi!" Tukacheka mpaka mbavu zikatuuma. Suti yake ya zamani ilimbana tumbo, tukaiacha wazi.

Akapiga moyo konde, akaingia. Mimi nyuma yake.

Mama alimtazama sana. "Mume wangu," akasema. "Umerudi."

Baba akapiga magoti, akamshika mikono. "Nimerudi," akasema, na mimi nikajiona mjanja kuliko madaktari wote.

"Mtoto yuko wapi?" mama akauliza.

Baba akanigeukia.

"Si wewe uliyempeleka hospitali? Homa imeshuka?"

Toba! Kaka yangu. Yule wa kwanza, aliyekufa kabla sijazaliwa, ambaye habari zake nilizipata kwa shangazi kwa sababu baba hamtaji kabisa. Ni baba aliyempeleka, na ni baba aliyerudi mikono mitupu. Huyo ndiye mume ambaye mama alikuwa akimngoja muda wote huu.

Nikaikimbilia sheria yangu. "Amelala, dada. Anaendelea vizuri."

"Basi mleteni. Maziwa yamenijaa." Akaanza kufungua gauni, vidole vikikosea. Baba akajaribu kumfunga tena vifungo. Mama akampapasa shavu. "Mume wangu, nenda kamlete. Nakungoja."

Baba akatoka, akafunga mlango taratibu.

Tangu hapo haingii. Nimemwosha nywele kwa kila sabuni, mwishowe nimemnyoa upara, nikamsihi arudi kuwa mzee wa chai. Wapi! Anakaa nje ya mlango, kikombe kimepoa mkononi.

"Ananingoja mimi," anasema. "Nitaingiaje bila mtoto?"

Na huko ndani mama anaita, "Mume wangu, mume wangu," kutwa nzima, maana hayo ndiyo maneno pekee yaliyombakia.