Munganga wa Ng'ombe na Pisini ya Lushebere

Mwaka ule wa hamsini na saba, gripi, ile homa ya mafua, ilipopanda milima ya Masisi, Védaste Kanamugire alijikuta analinda maji ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyaoga. Alikuwa mlinzi wa pisini ya Lushebere, bwawa la saruji ambalo serikali ililijenga mahali maji ya moto yanapotoka ardhini, ili raia wote waoge wapate afya. Alikuwa na kofia, filimbi na ufunguo wa lango. Kabla ya gripi alipuliza filimbi kutwa nzima: huyu anaosha viazi, yule anafua blanketi, mwingine ameingia na viatu. Kisha ikaja barua kutoka ofisini: funga. Akafunga. Miezi miwili akakaa kwenye kiti chake akitazama mvuke ukipanda, bila mtu wa kumpulizia filimbi isipokuwa vyura.

Aliyekuja kila siku ni Mama Libérata peke yake, mjane aliyelima maharagwe kwenye mteremko wa juu. Goti lake la kushoto likikosa maji yale juma moja tu, hukakamaa kama mpini wa jembe. Sasa lilikuwa limeyakosa majuma manane. Alikuja upande upande, na jembe amelifanya mkongojo.

"Papa Védaste, unifungulie kidogo tu. Goti moja. Mwili yote itabakia inje."

"Mama, barua inasema muntu asiingie."

"Goti haiko muntu."

Védaste alilifikiria neno hilo mpaka jioni, lakini hakufungua, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Gripi ilipomlaza yeye mwenyewe, ni Mama Libérata aliyekuwa akimwachia sufuria ya viazi mlangoni, kisha akasimama mbali na kupiga kelele kwamba chakula kimeiva.

Ndipo ikaja barua ya pili. Pisini ifunguliwe Jumamosi. Inspekta atafika kuhesabu waogaji, nao wasipungue ishirini. Kila mwogaji awe na cheti kilichogongwa kashe, muhuri wa munganga, kuthibitisha kwamba hakohoi. Sharti hilo lilimhusu mtu yeyote, bila kubagua, na mlinzi atakayepitisha mtu asiye na cheti atavuliwa kofia. Chini ilikuwa sahihi ya inspekta mwenyewe, mzungu ambaye watu walimwita Bwana Kipimo kwa sababu hakwenda popote bila kipimajoto chake kwenye ala ya ngozi.

Védaste akateremka mbio hadi dispansere. Ilikuwa imefungwa. Munganga alikuwa ameshikwa na gripi, akachukuliwa kwenye machela hadi kwao Mpofi, huko Walikale, na kashe ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake.

Alirudi polepole. Pisini lazima ifunguliwe, na hakuna awezaye kuingia. Waogaji ishirini lazima wahesabiwe, na hata mmoja hawezi kupatikana. Alisimama njiani kupisha kundi la ng'ombe wanaopelekwa sokoni Kitshanga, na mchungaji wao alikuwa ameshika mkononi bunda la vyeti, kila kimoja kina kashe nyekundu. Védaste akaligeuzia kundi lile mgongo, akaenda moja kwa moja kwa Sebarenzi, munganga wa ng'ombe.

Sebarenzi alikuwa mtu wa kufuata kanuni mpaka anatia huruma. Aliisoma barua mara tatu.

"Ni kweli," alisema. "Inasema munganga. Haiseme munganga wa nani. Na karatasi yangu iko na mustari ya kukohola, kwa sababu ya ile ugonjwa ya mapafu ya ng'ombe. Lakini sikia, kaka. Siwezi kuacha mustari hata moja wazi. Mustari ikibakia wazi, cheti imekufa."

"Uandike tu, Papa Sebarenzi."

Ijumaa asubuhi, ukungu haujainuka, watu walijipanga kwa Sebarenzi, ndani ya kichochoro cha magogo ambamo ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja. Sebarenzi alisema kashe haina ruhusa ya kutoka hapo. Wa kwanza alikuwa Mama Libérata. Sebarenzi akamwekea sikio kwenye mbavu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashika kalamu.

"Jike ao dume?"

"Unaniona."

"Jike. Rangi?"

"Ya udongo wa shamba kisha mvua," alisema Mama Libérata, naye Sebarenzi akaandika hivyo hivyo.

"Pembe?"

"Hakuna."

"Zilikatwa ao hazikuota?"

"Hazikuota, Papa."

"Umezaa mara ngapi?"

"Ine."

"Maziwa, kwa siku moja?"

"Niko na miaka makumi sita na mbili."

Sebarenzi akaandika: *Imekauka.* Kisha akauliza habari ya kukohoa, akasikiliza tena, akagonga kashe. Kwa mazoea ya miaka mingi akampiga kofi jepesi mgongoni ili atoke upande wa pili. Mama Libérata alitoka na cheti chake, jembe chini ya kwapa, akicheka mpaka machozi.

Jumamosi watu ishirini na watatu walisimama mbele ya lango. Bwana Kipimo alishuka kwenye gari, akapokea vyeti na kuanza kusoma. Védaste aliona shingo ya yule mzungu ikigeuka nyekundu, kisha masikio. Bwana Kipimo alisoma cha kwanza, cha pili, akarukia cha kumi. Alifungua kinywa ili aseme, lakini badala ya maneno kikatoka kikohozi. Akakohoa tena. Akajifuta kwa kitambaa, akatoa kipimajoto na kuelekea langoni ili apime maji.

Filimbi ikalia.

Védaste hakujua ni nani aliyeipuliza mpaka alipoisikia kati ya meno yake.

"Bwana," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo, "cheti."

Mama Libérata akaacha kujikuna goti.

"Wewe najua mimi nani?"

"Najua, Bwana." Védaste alikunjua barua. "Hapa inasema mtu yeyote, bila kubagua. Na hapa chini njo sahihi yako."

Bwana Kipimo aliitazama sahihi yake kama mtu aliyekutana na ndugu asiyempenda. Akawatazama wale ishirini na watatu. Akisema vyeti hivi si kitu, basi hana mwogaji hata mmoja, na ripoti yake itapelekwa Bukavu ikiwa na sifuri. Akisema ni halali, basi ni halali kwake pia.

"Munganga iko wapi?" aliuliza mwishowe.

Sebarenzi akajitokeza, kalamu tayari. Wakamwongoza Bwana Kipimo hadi kwenye kichochoro, naye akaingia huku ameshika kofia yake kifuani.

"Dume," Sebarenzi akaandika bila kuuliza. "Rangi nyekundu. Pembe hakuna." Hapo akasita, jasho likamtoka. "Bwana, unisamehe. Mustari inayofuata inauliza kama amehasiwa."

"Hapana!" alipaza sauti Bwana Kipimo, na kwa kupaza sauti akakohoa mara tano mfululizo.

Sebarenzi aliweka kalamu chini. Alikuwa na huzuni ya kweli. Alichukua kashe nyingine, ile ya buluu, akagonga: *Abaki zizini siku ishirini na moja.*

Bwana Kipimo alikunja karatasi yake vizuri, akaitia mfukoni, akarudi garini na kufunga mlango. Alimpa Védaste kipimajoto kupitia dirishani. Védaste alipima maji, akapaza sauti kutaja digrii kutoka ukingoni, na mzungu akaandika juu ya goti lake. Chini yake akaongeza: waogaji ishirini na watatu, wote wazima. Gari likaondoka.

Mama Libérata ndiye aliyeingia wa kwanza. Aliteremka ngazi moja, akangoja, akateremka ya pili, na maji yalipofika kwenye goti alifumba macho. Védaste aligeuka upande mwingine, kwa kuwa macho yake nayo yalikuwa yanamchoma. Jumatatu alimwona juu kwenye mteremko, analima kwa mikono miwili.

Védaste mwenyewe alingoja kufukuzwa. Kila injini iliposikika barabarani alivua kofia na kuificha chini ya kiti. Majuma yakapita. Habari zikaja kwamba Bwana Kipimo alilala na gripi huko kwake, akapona, akapelekwa kupima maji ya mahali pengine. Hakuna aliyekuja. Mwezi wa kumi na moja gari la serikali lilipita karibu kabisa na lango, na Védaste hata hakuliona, kwa sababu alikuwa anagombana na watu wawili walioleta kuku ili wamnyonyoe ndani ya maji ya moto.