Mafaili ya Marehemu Polikarp

Jumanne saa nne asubuhi, kwenye kibanda chake cha Majengo, Leo alikuwa anapuliza vumbi kwenye kompyuta ya marehemu Polikarp. Mjane, Mama Lidwina, alikaa kwenye benchi na laptop ndogo ya mtumba mapajani. Alitaka mafaili yote yahamie humo, hasa video moja. Ndani yake wazee wanne wa Mshangano wamesimama kwenye mpaka wa kiwanja, wanasema mmoja mmoja kwamba kiwanja ni cha Lidwina, alinunua mwenyewe. Wazee hao wote walishafariki. Video yenyewe Polikarp aliifunga kwa neno la siri, maana mdogo wake, Otto, alikuwa na tabia ya kuchokonoa kompyuta za watu.

"Jumamosi ukoo unakaa," Lidwina alisema. "Shemeji anakitaka kile kiwanja. Sina ushahidi mwingine, mwanangu."

"Usiwaze, mama. Kazi ya nusu saa hii."

Kwenye mashine ya zamani video ilifunguka bila kuuliza kitu. Leo akanakili. Kwenye mpya hakuijaribu. Kuhakiki kulimchosha, hata shule aliiacha kidato cha pili kwa sababu ya kuambiwa hakiki, hakiki.

"Hiyo ya zamani nampa mtoto wa dada," Lidwina alisema. "Nguo za marehemu tumezifua zote kabla ya kugawa. Nayo isafishe."

Ndivyo inavyofanyika. Kitu cha marehemu hakiendi kwa mtu na jasho lake. Leo akafuta diski nzima.

Saa kumi Lidwina alirudi na laptop. Jina la video lilikuwepo. Ukibonyeza, inakataa. Picha haitoki, ila ndani yake wazee walisikika wakikohoa.

"Huyo Mzee Valence," alisema Lidwina. "Kifua chake hicho."

Nyuma ya mwanafunzi aliyekuja kutoa kopi alisimama Polikarp, na suti ileile aliyozikwa nayo. Alisubiri zamu yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Leo.

"Marahaba. Ufunguo umeuweka wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Kuna kifaili kidogo kilikuwa kinakaa mlemle kwenye mashine. Ndicho kinachofungua. Unakitoa kwanza, unakiweka kwenye flashi, ndiyo unahamisha."

"Nimefuta."

"Chote?"

"Nimesafisha, mzee. Tena vizuri."

Polikarp hakugomba. Angegomba, Leo angepata nafuu.

"Umekonda, Baba Dorine," alisema mkewe.

"Kule hawatii chumvi."

Jumamosi Leo mwenyewe aliibeba laptop hadi Mshangano. Wazee walikohoa mbele ya ukoo mzima.

"Shemeji, umetuletea kikohozi kwenye kikao?" Otto alimuuliza Lidwina. Watu wakacheka.

Leo akasimama. "Video ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Uliona nini, fundi? Onesha."

Leo akabonyeza tena, wazee wakakohoa. Polikarp, aliyekuja naye na suti yake, akasimama, akanyoosha mkono. Mwenyekiti, baba yao mdogo George, akatikisa kichwa. "Kaa chini, Polikarp. Marehemu hasemi kwenye kikao cha mali zake. Ni utaratibu."

Polikarp akakaa. Kiwanja kikaenda kwa Otto. Lidwina akamwachia Leo ile laptop, hakutaka hata kuigusa.

Tangu hapo kila saa kumi Polikarp huja kibandani. Leo amempa stuli. Mzee anaandika neno lake la siri kwenye ile laptop kwa kidole kimoja, inakataa, anaandika tena. Wateja wanampa pole, wanatoa kopi, wanaondoka.

Alhamisi iliyopita aliingia Otto na flashi. Alitaka mkataba wa kuuza kiwanja, nakala tatu. Leo alifikiria kumwambia wino umeisha. Lakini printa nyingine ilikuwepo duka la pili tu kutoka pale. Akabonyeza.

Printa ile inatema karatasi hadi sakafuni. Polikarp akanyoosha mkono, akazidaka moja moja, akazilinganisha kingo, akampa mdogo wake.

"Asante, kaka," alisema Otto. "Zina joto."