Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Yuditha, mwalimu wa Kornel katika kliniki ya mgongo huko Rau, alimwambia mapema: "Ukipima msuli, sukuma mpaka ukujibu. Usimhurumie mtu, usimwogope mtu."

Kornel alifanya mazoezi kwa wanafunzi wenzake, mabega na nyonga, mpaka mkono wake ukajua msuli unaoshika na unaoachia. Kisha akapanda Machame kuwasalimu wakwe. Mama mkwe wake, Mektrida, akalalamika kwamba kiuno kinauma na ganzi inashuka mguuni.

"Nipime basi, baba. Si ndicho unachosoma?"

Akajilaza kwenye kochi, khanga hadi vifundoni. Kornel akamwomba avute kidole gumba cha mguu huo kuelekea juu, naye akakisukuma chini. Alikigusa kwa ncha za vidole tu. Angewezaje kuukandamiza mguu wa mama mkwe, mkewe Goodness akiwa amesimama pale na bakuli la mtori wa ndizi?

Kidole hakikushuka.

"Kina nguvu, mama. Ni uchovu tu."

Kwa neno hilo Mektrida akaendelea kukata majani ya ng'ombe bondeni. Wiki iliyofuata, akiwa na mzigo kichwani, mguu wenye ganzi haukuinuka vizuri, ukanasa kwenye mzizi. Akaanguka, akavunjika mkono.

Kila aliyekuja kumpa pole alilaumu utelezi wa mvua. Kornel, aliyekuwa amepanda tena Machame, aliwamiminia chai. Mkono ulishafungwa plasta. Mguu hakuna aliyeuangalia, na hakuna ambaye angeuangalia kama yeye asingesema.

Wageni walipoondoka, alipiga magoti mbele ya kochi.

"Mama, si mvua. Siku ile sikukupima. Nilikuonea haya, nikakugusa tu, nikasema una nguvu."

"Nilijua," akasema Mektrida. "Ulibonyeza kama mtu anayechagua parachichi la jirani."

Goodness akacheka. Kornel hakucheka.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Na mimi nilikuonea haya."

Akatoa mguu nje ya khanga. "Haya, sukuma."

Kornel akasukuma. Kidole kikashuka bila ubishi. Akajaribu cha mguu wa pili, kikashika. Akarudia cha kwanza, kikashuka tena. Goodness aliacha kucheka.

"Kesho turudi hospitali," Kornel akasema. "Mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni. Waupime na mguu."

Mektrida aliufunika mguu wake polepole.

"Ningekuwa mtu baki," akasema, "ungesukuma siku ile ile."