Miti Hewa

Venance aliponzwa na neno moja tu, na siku alipolitamka watu walicheka hadi machozi, akarudi Ifakara akijiona mjanja.

Ilikuwa Kiberege, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga ya Silvano. Mgeni alikuwa Bi Marit, mwanamke mrefu na mpole, aliyetumwa na kampuni moja ya magari ya Ulaya. Venance alikuwa ameajiriwa na kampuni hiyo awe msimamizi wake bondeni, na mkalimani pia. Bi Marit alieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kiwandani kwao, alisema, maji ya kusafishia mabati kabla ya kupaka rangi yanachujwa na kutumika tena. Vipande vya chuma vinavyobaki vinayeyushwa na kurudi kuwa milango ya magari. Umeme wanaupata kwa upepo. Lakini pamoja na juhudi zote hizo, moshi hauishi. Ule unaobaki, yaani hewa ya ukaa, lazima apatikane wa kuumeza, na anayejua kumeza hewa ya ukaa ni mti. Ndiyo maana wakaomba wakulima wa bonde la Kilombero wapande mikangazi kwenye mipaka ya mashamba yao na kuitunza, kampuni nayo ipate kusema imesafisha uchafu wake.

Maelezo yalikuwa marefu, jua kali, na wali wa wageni ulishaiva. Venance akayafupisha. "Kwa kifupi, ndugu zangu, hawa wanataka miti hewa."

Sasa, nchi hii kila mtu anajua hewa ni nini. Ipo ile tunayovuta, na ipo ile nyingine. Mfanyakazi hewa anapokea mshahara lakini hayupo. Mwanafunzi hewa anapelekewa dawati na hana makalio ya kulikalia. Silvano, mtu asiyepitwa na utani hata msibani, akanyanyua mkono.

"Mkalimani, hewa kama wafanyakazi hewa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bi Marit naye akacheka, asijue anacheka nini. Hapo Venance alipaswa kusahihisha, na ingemgharimu sentensi mbili tu. Badala yake akakonyeza jicho. "Nyie watu wa Kiberege mnaelewa upesi," akasema.

Wakaelewa, tena sawasawa. Walishaona miradi mingi ikija na mabango na kuondoka na mabango yake. Miche ilipoletwa waliipokea kwa adabu, wakapiga nayo picha, wakaiacha chini ya mapaa ya nyumba. Mbuzi wakala walichokula, mafuriko yakabeba kilichobaki. Hakuna aliyeona amemdhulumu mtu. Mtu akikuomba mti hewa, unauchimbia shimo la nini?

Bi Marit alilipenda lile neno. Lilikuwa fupi na aliweza kulitamka. Kampuni ikatengeneza kofia na fulana zenye maandishi ya kijani, MITI HEWA, na maandishi hayohayo yakabandikwa kwenye mlango wa gari la mradi. Gari likipita karibu na soko la Ifakara, vijana wa bodaboda walipiga honi na kushika matumbo kwa kucheka. Venance alimwambia Bi Marit kwenye simu kwamba wananchi wanaufurahia sana mradi.

Aliyepanda alikuwa mtu mmoja tu, Scolastica, mama yake mdogo Venance, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Siku ya mkutano mpunga wake ulikuwa unaiva na alikuwa shambani anaamia ndege, kwa hiyo lile neno hakulisikia. Alichosikia ni kwamba mwanawe ameleta miti. Akaipanda kuzunguka shamba lake lote. Akaizungushia miiba, mmoja mmoja, ng'ombe wasiikanyage, na kiangazi kilipokuja akawa anabeba maji kichwani kutoka mferejini. Majirani walimwuliza kama hakuambiwa.

"Niliambiwa," aliwajibu. "Niliambiwa ni miti ya Vena."

Miti ikamtii. Masika mawili yalipopita, mingi ilikuwa imempita kimo. Hapo Venance akaanza kwenda na simu yake. Alisimama upande wa barabara akapiga picha, akaituma: hili ni shamba la Silvano. Akazunguka upande wa mfereji, akapiga nyingine, likawa shamba la jirani. Akachutama, akapiga kutokea chini, likawa la mtu mwingine kabisa. Mama yake mdogo aliona fahari tupu, kwamba mwanawe msomi anaipenda miti yake kiasi kile. "Na sasa nisimame wapi?" alikuwa akiuliza, huku akijiweka vizuri kanga yake ya njano. Venance alimwonyesha pa kusimama, akapiga; hizo tu ndizo alizozituma kwa jina lake.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa nane Bi Marit akapiga simu kwamba anakuja, na safari hii anataka kuyaona mashamba yote kwa macho yake.

Venance alimkuta Silvano mashineni, mweupe kwa vumbi la pumba. "Kaka, nisaidie," akasema. "Miti lazima ionekane. Isipoonekana nimekwisha."

Silvano alimtazama kwa huruma ya kweli. "Hilo ndilo linakunyima raha? Mwenge wa Uhuru ukipita hapa si tunapamba? Waziri akija si tunapamba? Wewe mlete mgeni wako. Tutapamba."

Venance alijua maana yake. Ukitaka kumheshimu mgeni mkubwa unakata migomba, unaichomeka kandokando ya barabara, na barabara inageuka bustani kwa siku moja. Kesho yake imenyauka na hakuna anayeiita uongo. Alijua yote hayo. Ila hakuuliza safari hii watapamba kwa miti gani, na watakata ya nani. Alimshukuru Silvano harakaharaka akaondoka, maana alihisi akikaa kidogo ataambiwa.

Siku ya ugeni walifika Kiberege asubuhi na mapema. Mpunga ulishavunwa, mashamba yalikuwa mabua matupu ya rangi ya mkeka. Na kwenye kila mpaka, mikangazi ilikuwa imesimama kwa mstari, majani ya kijani yanang'aa, udongo wa chini umelowa maji. Kina mama walipiga vigelegele. Bi Marit aliweka mkono kifuani, machozi yakamlenga machoni.

"Picha hazikusema kweli," alimwambia Venance. "Hapa ni pazuri zaidi."

Silvano alitangulia mbele, kofia ya MITI HEWA kichwani, akiwaharakisha. "Twendeni, twendeni, jua la hapa halina adabu!" Hakumruhusu mgeni asimame mahali hata kufunga kamba ya kiatu. Ilipofika saa nne, majani ya mashamba ya mwanzo yalikuwa yameanza kulala. Venance aliyaona. Akawa anaongea sana, mambo ya mbolea, mambo ya mvua, hata ya mpira, ili macho ya mgeni yabaki usoni pake.

Kisha Bi Marit akasimama, akakataa kusukumwa. Alisema kwenye ukumbi wa chakula kiwandani kwao wametundika picha kubwa ya mama mmoja wa kanga ya njano katikati ya miti yake. Mafundi wanamsalimia kila wanapokwenda kula. Wengine wamempa jina. Yeye ameahidi hatarudi bila kumshika mkono mama huyo.

Moyo wa Venance ukatulia kwa mara ya kwanza siku ile. Huko angalau palikuwa na ukweli. Angeweza kumwonyesha mgeni miti yenye mizizi, na mama aliyeipanda, bila kuogopa jua. Akaanza kutembea kifua mbele.

Silvano akamshika kiwiko. "Vena, huko tusiende."

"Kwa nini? Si ndiko kwenye miti?"

Silvano akaangalia vidole vya miguu yake.

Shamba la Scolastica lilikuwa jeupe. Kuanzia barabarani hadi mferejini hapakusimama mti hata mmoja. Palikuwa na visiki vifupi vilivyokatwa mshazari kwa panga, vibichi, bado vinatoa utomvu. Ile miiba aliyoizungushia ilikuwepo yote, inalinda visiki.

Mwenyewe alikuwa mbele ya nyumba, amevaa kanga ya njano, ametandika mkeka, sufuria mbili ziko mekoni. Alipowaona uso ulimchanua.

"Shikamoo, mama," Venance alisema, na sauti haikuwa yake.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mgeni wetu, karibu sana."

"Mama, miti iko wapi?"

"Si umeipita huko njiani?" Scolastica alishangaa. "Silvano alikuja jana akasema una shida. Wenzangu miti yao ilikufa, na mgeni akiona hivyo atakuaibisha mbele za watu. Nikamwambia, panga lile pale."

"Yote?"

"Sasa ningebakiza ipi, na wenzangu wengine wakose?" Akashusha sauti. "Imetosha lakini? Nilihofu haitatosha."

Bi Marit alikuwa ameinama kwenye kisiki, anakigusa kwa kidole. "Anasemaje?" aliuliza. "Nini kimetokea hapa?"

Venance aligeuza uso pembeni. Mama yake mdogo hakujua neno la Kiingereza, lakini uso ule aliulea mwenyewe, aliujua unavyokuwa ukibanwa. Alimsogelea akamnong'oneza. "Mwambie nimekata kuni. Mimi mzee, atanifanya nini?"

Na Venance, tusimfichie, alifurahi. Alimshukuru Mungu kabisa. Akageuka akamwambia Bi Marit kwa Kiingereza kizuri kwamba, kwa bahati mbaya, mama huyu amekata miti yake kwa ajili ya kuni. Ndivyo walivyo wazee wetu, akaongeza, elimu ni ndogo. Hilo la elimu hakutumwa na mtu. Lilitoka kwake mwenyewe.

Bi Marit hakugomba. Uso wake tu ndio uliofunga, kama duka lililofungwa mchana. Alimtazama Scolastica mara moja, kisha akatazama pembeni.

Scolastica aliona maneno yamekwisha, na maneno yakiisha watu hula. Akapakua wali wa mchele wa supa, harufu yake ikajaa uwanja, akaweka juu yake kipande cha kitoga, samaki wa mtoni, na mchuzi wake. Akauleta kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya mgeni.

"Hapana, asante," Bi Marit alisema kwa Kiswahili chake kidogo, akarudi nyuma hatua moja.

Sahani ikabaki hewani. Scolastica alibaki na goti chini, anamwangalia mgeni, anaangalia wali, kama anatafuta unywele aliouacha humo.

"Vena," akasema polepole, "mgeni hali. Nimekosea nini? Au samaki hawali kwao?"

Aibu ilimpata Venance hapo. Kwa masika mawili alikuwa ameishi na hofu akidhani ni aibu, na hofu mtu anaweza kulala nayo. Hii ilimchoma masikio, akatamani ardhi ya Kiberege imfunike. Mama aliyembeba mgongoni alikuwa amepiga goti na sahani mkononi, anakataliwa chakula kama mchafu, na mchafu ni yeye.

Alikwenda kwenye mpaka wa jirani, akashika mkangazi mmoja, akauvuta. Ulitoka kwa mkono mmoja, kama mwiko kwenye uji. Akaubeba hadi kwenye visiki, akajaribu kimoja, akajaribu cha pili, na kwenye cha tatu shina likakaa sawasawa juu ya mkato wake. Akausimamisha hapo, akiushikilia usianguke.

"Mama huyu hakukata kuni," alimwambia Bi Marit. "Miti yote uliyoiona leo ni ya hapa, imekatwa jana. Picha zote nilizokutumia ni za hapa, nilizunguka tu. Wengine hawakupanda, na sababu ni mimi. Ile siku ya kwanza nilitafsiri vibaya. Hewa, kwetu, ni kitu kinachotajwa lakini hakipo. Ndicho walichokuwa wanakicheka."

Bi Marit alivua kofia yake ya mradi. Akayasoma yale maandishi ya kijani, herufi kwa herufi, kama mtu anayeanza shule.

"Wote walikuwa wanajua?" aliuliza.

"Wote. Isipokuwa yeye."

Bi Marit aliiweka kofia chini, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. Kisha akainyoshea ile sahani mikono yote miwili, akaipokea, akaanza kula akiwa ameinamisha kichwa. Silvano alikuwa ameshaondoka, anakwenda kwa miguu upande wa mashine yake bila kuaga.

Scolastica alipumua, akainuka akajipangusa goti. "Umemwambia nini hata amekubali?"

"Nimemwambia hukukata kuni, mama. Nimemwambia kila kitu. Kwamba ni mimi."

Scolastica aligeuka akalitazama shamba lake, kisiki kwa kisiki, kutoka barabarani hadi mferejini alikokuwa akichota maji.

"Kumbe nimeikata bure," akasema.

Halafu akachukua sahani nyingine, akampakulia mwanawe, na kama kawaida yake akamwekea kipande cha samaki kikubwa kuliko cha mgeni.