Si Wangu, Ananifuata Tu

Wanafunzi walimwita Bwana Pasi, na hawakumwonea. Yule mwalimu wa hesabu alikuwa na suruali tano, na kila moja ilikuwa na mstari ulionyooka ambao ungeweza kukatia nyanya. Jina hilo alilijua na, tuseme ukweli, alilipenda. Alichoogopa ni kubadilishiwa. Mwenzake wa jiografia alisinzia mara moja tu akisimamia mtihani, akaanguka na kiti chake, na tangu siku hiyo mpaka anastaafu aliitwa Godoro. Hata kwenye sherehe ya kumuaga, mtu aliropoka, "Karibu, Mwalimu Godoro, useme machache." Bwana Pasi alicheka na wenzake, lakini kiti chake alikishika kwa mikono miwili.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe mbwa atembeze. Utaona mambo.

Mbwa mwenyewe aliletwa kwa sababu ya mke. Mkewe alikuwa mkunga katika hospitali iliyo mwendo wa robo saa kwa miguu, na zamu yake ya jioni iliisha saa tatu usiku. Siku moja, akirudi peke yake, vijana wawili walimsukuma karibu na kituo cha mafuta kilichofungwa, wakachukua mkoba, wakamwacha chini na mkono umeteguka. Mkoba ulisahaulika. Ambacho hakikusahaulika ni hofu. Mwanamke aliyezoea kupokea watoto wa wenzake usiku wa manane bila kutetemeka, sasa akisikia hatua nyuma yake alisimama, akashika ukuta, akangoja mpaka mtu apite.

"Shemeji," kaka yake mkunga alimwambia Bwana Pasi, "nisamehe, lakini wewe mwembamba. Ukienda kumpokea dada yangu mnakuwa wawili wa kuibiwa."

Akawaletea mbwa jike, mkubwa, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mkunga alisema huyo ni mgeni tu, wa wiki mbili. Wiki mbili zikapita, mbwa akabaki, na jina likabaki lile lile: Mgeni.

Mkunga alikuwa mtu wa maagizo. Siku ya kwanza alimkalisha mumewe mezani akamsomea kama anavyowasomea wenye mimba ya kwanza. Apite barabara kubwa yenye taa, hata kama inazunguka. Avae kizibao cha njano kinachowaka kikimulikwa, kama cha wajenzi wa barabara. Kamba aishike fupi lakini asijifunge nayo mkononi, maana mbwa akishtuka atamwangusha kifudifudi. Na simu iwe na chaji, na akipigiwa apokee.

"Hilo la mwisho usilifanyie mchezo," alisema. "Nisipokuona getini nitakupigia. Ukipokea, hata ukisema umechelewa, nitangoja ndani na mlinzi. Usipopokea sitajua la kufanya."

"Umemaliza, daktari?"

"Bado. Mbwa wangu usimwonee."

Bwana Pasi aliitikia yote. Akavaa kizibao, akashika kamba, akatoka kifua mbele. Alipofika kona ya kwanza akakivua kizibao, akakikunja vizuri, maana hata hapo hakuweza kukikunja ovyo, akakitia ndani ya shati.

Shida ilikuwa ile barabara kubwa. Pale kuna kinyozi, pale duka la dawa, pale mafundi wa simu na meza zao, na kila penye mwanga hapakosi mwanafunzi wake, wa sasa au wa zamani. Kwa watu wa mtaa ule mbwa ni kazi ya mlinzi. Mwanamume mwenye heshima zake asimame amngoje mbwa akojolee nguzo, watu wanaangalia! Alivisikia vicheko kabla hajachekwa. Kwa hiyo alikata kushoto akaingia uchochoro wa nyuma ya maghala, usio na taa hata moja, mtaro wazi upande huu na ukuta upande ule. Jamani! Mtu kaletewa mbwa ili awe salama, naye anamchukua huyo huyo mbwa anaenda naye mahali ambapo hata mwizi angeingia anasali. Wiki saba alipita humo. Akikaribia hospitali alivaa tena kizibao, mkewe akamwona anawaka kutoka mbali, akafurahi.

Wakati wa kurudi walipita kwenye taa. Mkunga ndiye aliyeshika kamba, na mumewe alitangulia hatua tano mbele kama mtu aliyetumwa dukani. Mkunga alidhani ni njaa.

Basi ikaja Alhamisi moja. Wiki hiyo kiti cha mwalimu mkuu kilikuwa wazi, bodi ya shule ingekaa Jumatatu, na jina la Bwana Pasi lilikuwa miongoni mwa matatu. Alikuwa akilifikiria hilo alipotoka uchochoroni, pale unapokutana na barabara kubwa, akakuta gari jeupe limeinuliwa kwa jeki. Anayehangaika na tairi, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtoka, ni mwenyekiti wa bodi mwenyewe.

"Mwalimu! Unatokea gizani huko? Umenishtua, nikajua leo nimekwisha." Kisha macho yake yakashuka kwenye kamba, yakafika kwa Mgeni, akacheka. "Ehe! Kumbe siku hizi mwalimu ana mbwa!"

Ni hayo tu. Hakuongeza neno. Lakini ndani ya kicheko hicho Bwana Pasi alishasikia bodi nzima ikicheka, walimu wakicheka, na jina jipya likipita darasa kwa darasa. Vidole vikafunguka. Kamba ikaanguka.

"Huyu? Si wangu," alisema. "Ananifuata tu tangu huko nyuma."

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Alijua ni nani. Akaingiza mkono, akaikata.

Angekomea hapo ingekuwa nusu shari. Mgeni alisikia kamba imelegea, akageuka kumtazama, mkia unacheza, akasogea amwegemee gotini kama kawaida yake. Bwana Pasi akapiga mguu chini. "Toka! Nenda kwenu!" Mbwa akarudi hatua moja, akadhani ni mchezo, akaja tena. Basi yule mwalimu, mtu mzima, mume wa mtu, akainama akajifanya anaokota jiwe. Hapo Mgeni akaelewa. Akafyata mkia, akarudi kinyumenyume, macho yote kwa mtu wake, mpaka akashuka kwenye lami.

Mwenye pikipiki alijitahidi. Alikata kona ghafla, akaanguka na kiwiko, pikipiki ikateleza mpaka ng'ambo. Lakini gurudumu lilishampata mbwa mguu wa nyuma. Kinyozi alisikia ule mlio akatoka nje na mashine bado inanguruma mkononi.

"Mwenye mbwa ni nani?" Mwenye pikipiki alinyanyuka, damu inamchuruzika kiwikoni. "Nauliza! Mwenye mbwa ni nani?"

Watu walishajaa. Wakatazamana.

"Hana mwenyewe," mwenyekiti akasema, kwa nia njema kabisa. "Mwalimu hapa anasema anamfuata tu."

"Hana mwenyewe, na shingoni ana mkanda? Na kamba mpya?"

Hapo nafasi ilikuwa bado ipo. Neno moja tu lilitakiwa. Bwana Pasi akatazama pembeni kama watazamaji wengine.

Mgeni akaanza kujiburuta. Mguu mmoja unaning'inia nyuma, kamba inaburuzika naye, akapita miguuni kwa kinyozi, akampita mwenyekiti, akampita mwenye pikipiki, watu wakimpisha mmoja mmoja. Akafika kwa Bwana Pasi, akalaza kichwa juu ya kiatu chake, akashusha pumzi akatulia. Mtu mmoja kule nyuma akauliza polepole, "Mbona anamjua?" Hakuna aliyecheka, na Bwana Pasi, aliyekimbia vicheko wiki saba, aliona afadhali wangecheka.

"Mgeni!"

Sauti hiyo aliijua kabla hajageuka. Mkunga alikuja anakimbia na sare yake ya kazi, akapenya katikati ya watu, akapiga magoti kwenye lami, akaupapasa ule mguu kwa vidole vya mtu anayejua anachotafuta. Akamwambia mwenye pikipiki bila hata kuulizwa, "Mbwa ni wangu. Pole sana, kaka yangu. Kiwiko hicho nitakisafisha sasa hivi, lakini mbwa ni wangu."

"Mama, mbona huyu mwalimu anasema anamfuata tu?"

Mkunga akainua uso. Akamtazama mumewe, akaitazama kamba pale ilipo, akakitazama kifua cha shati kilivyotuna kwa kizibao kilichofichwa ndani. Alisoma yote hayo kama anavyosoma kadi ya mgonjwa, kisha akarudi kwenye mguu wa mbwa.

"Sista, kumbe ni..." mwenyekiti akaanza. Alikuwa anamfahamu mkunga na mumewe pia. Akageukia tairi lake akawa anakaza nati ambayo alishaikaza. Uso wa Bwana Pasi uliwaka mpaka masikioni, maana aliona wazi kwamba mwenzake anamwonea haya.

Gari lilipokuwa tayari, mwenyekiti alitandika koti lake kiti cha nyuma. Aliyembeba Mgeni ni yule mwenye pikipiki, na kiwiko chake kile kile. Bwana Pasi alisogea asaidie.

"Acha," mkunga alisema.

Njiani kwenda kwa daktari wa mifugo mwenyekiti alishindwa kujizuia. "Mimi ninao wawili nyumbani," alisema, macho barabarani. "Mwalimu, pale nilicheka kwa furaha. Nilisema moyoni, leo nimempata mwenzangu." Bwana Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa la mwenyekiti.

Mfupa ulikuwa umevunjika mara mbili. Daktari alisema mbwa ataishi, atachechemea, na kwa miezi miwili asitembezwe kabisa.

Nyumbani mkunga alimlaza Mgeni kwenye blanketi jikoni, akanawa mikono, akakaa. Bwana Pasi alisimama mlangoni akasema yote: uchochoro, kizibao, kamba, hata lile jiwe la uongo. Alisema haraka haraka kama mwanafunzi aliyekamatwa, akangoja agombezwe. Alikuwa tayari. Alikuwa anaomba agombezwe.

"Nilikupigia simu, ukaikata," mkunga alisema.

"Mke wangu, mwenyekiti alikuwa..."

"Nikajua mmevamiwa. Sikumngoja mlinzi, nikatoka mbio peke yangu. Nilipofika pale kwenye kituo cha mafuta, miguu ikakataa. Nikashika ukuta, nikalia, halafu nikajilazimisha kupita, kwa sababu nilidhani mume wangu anauawa." Akavua viatu vyake vya kazi, kimoja kimoja. "Kumbe ulikuwa unazungumza na watu."

Akaenda kulala. Bwana Pasi alikaa chini jikoni mpaka alfajiri. Mgeni alilamba mkono wake mara mbili, na kila mara aliuondoa, akiona hastahili.

Kesho yake mkunga hakumwambia aje wala asije. Alikwenda. Alipita barabara kubwa, kizibao mwilini, chini ya taa zote. Kwa kinyozi watu walinyamaza alipokaribia, wakaanza tena kuongea alipopita. Alifika getini nusu saa kabla. Hakusogea karibu, alisimama ng'ambo ya njia kwa sababu hakujua kama ana ruhusa ya kusimama pale pa siku zote.

Saa tatu wauguzi walitoka. Mkunga alikuwa na msichana mmoja mgeni kazini, ambaye alimwona mwanamume amesimama peke yake anawaangalia, akamshika mwenzake mkono.

"Dada, yule mtu simwelewi. Tangu nilipotoka mara ya kwanza yupo tu pale anatazama huku. Tumwite mlinzi?"

Mkunga akatazama ng'ambo. Alitazama kwa muda, na Bwana Pasi hakupepesa macho. Angeweza kusema hamjui. Angeweza kunyamaza tu, mlinzi angekuja na rungu lake, na pale kando ya barabara Bwana Pasi asingekuwa na la kujitetea. Alikuwa ameshajiandaa kwa hilo, na moyoni aliona ni haki yake.

"Yule ni wangu," mkunga alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mlinzi. "Ni mume wangu. Amekuja kunichukua."

Yule msichana akacheka kwa aibu, akavuka kumpa mkono. "Shikamoo, shemeji. Nisamehe, nilikuogopa bure."

Bwana Pasi aliitikia marahaba. Mkunga alishaanza kutembea. Akamfuata, akaongeza mwendo mpaka wakawa bega kwa bega, na njia nzima alingoja aambiwe lolote, japo neno moja la kuchoma. Mkewe alimuuliza tu kama Mgeni amekula.