Mgongo kwa Mgongo

Kuimba wimbo wa mapenzi na ndugu uliyenyonya naye ziwa moja si mchezo, hebu jaribu wewe. Kila mara dada mtu alipofika kwenye "nizamishe machoni pako", akikutana na macho yenyewe, alimwona mdogo wake aliyemfundisha kuvaa kaptula, na kicheko kikamtoka puani. Mwishowe wakaamua kuimba jukwaani wamepeana migongo. Watu wakapagawa! Hata maharusi wakaanza kupiga picha hivyo hivyo, mpaka mtangazaji wa redio akawaita studio waeleze siri ya mtindo huo.

"Mapenzi ya kweli," mdogo mtu akajibu, sauti kaishusha kama mzee wa busara, "hayahitaji macho."

Dada akamfinya chini ya meza. Mwongo mkubwa huyu!

"Basi tuimbieni kidogo," mtangazaji akasema, akiwasogezea maikrofoni. Ilikuwa moja tu, katikati yao, kwa hiyo hapakuwa na namna ila kutazamana. Dada akaanza vizuri. Mdogo wake akapandisha nyusi. Wakaangua kicheko hewani, mbavu hawana, na mtangazaji, kijasho kikimtoka, akakimbilia kupokea simu ya msikilizaji.

"Haloo, nani mwenzetu?"

"Mama yao," sauti ikajibu, salamu hakuna. "Nyie! Geuzianeni migongo, kama nilivyokuwa nawakalisha mkichekeana wakati wa kula. Au nije huko?"

Na mastaa wetu wakageuka, kila mmoja na upande wake, mikono magotini.