Mchoraji Aliyeomba Samli

Jumanne baada ya kukamua, Mektrida Thadeus alikwenda kuchukua majani ya ng'ombe kwenye pango lililo nyuma ya banda, huko kwao Kilema. Akamkuta mwanamke mfupi amekaa juu ya majani anasaga jiwe jekundu. Ukuta wa pango ulikuwa na picha za nyati, twiga na mikono ya watu tangu zamani, na familia ilikuwa ikilitumia kama stoo kwa sababu halivuji.

Kwanza ilibidi waamue nani amwamkie mwenzake. Mgeni alionekana wa miaka thelathini na Mektrida alikuwa na hamsini na miwili, lakini mgeni alisema alizaliwa wakati mlima bado unatoa moshi.

"Basi shikamoo," alisema Mektrida.

"Marahaba. Una mafuta?"

Mektrida alimletea samli kwenye kikombe. Mgeni aliichanganya na unga wa jiwe, akatemea mate, akajaribu rangi kwenye goti lake, akaongeza samli. Brashi yake ya singa ilikuwa imekwisha, hivyo Mektrida alimkatia nywele chache za mkia wa ndama. Kufikia saa nne, ukutani palikuwa na nyati mwingine, bado mbichi.

"Mlikuwa mnachora wanyama ili mkiwinda muwapate?" aliuliza Mektrida, aliyewahi kusikia hivyo redioni.

"Wengine, ndiyo. Yule twiga nilimchora kwa sababu mvua ilikuwa haikatiki na watoto wanasumbua. Nyati yule mkubwa alimuua dada yangu. Sikutaka asahaulike."

"Dada au nyati?"

"Ukimwona mmoja unamkumbuka mwingine."

"Na mikono?"

"Huo wangu, ule wa mama. Unaweka mkono, unapuliza rangi. Anayekuja baadaye ajue kuna mtu alikaa hapa."

Mektrida naye alikuwa amekaa hapo maisha yake yote. Alipalilia kahawa, akapanda migomba, akamuuguza baba yake miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amefariki Januari, na ukoo ulikuwa ukutane Jumamosi kuamua nani apewe kihamba, yaani nyumba na shamba lake.

Ijumaa mdogo wake Denis, mtoto wa mwisho, alikuja kutoka Arusha na mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Isack. Isack alikuwa kijana mwenye adabu. Alipima mikono ya ukutani kwa futi, akatoa kamera.

"Viganja ni vidogo," alisema. "Hawa ni vijana wa kiume, wakifundwa uwindaji."

Mgeni aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya alama moja. Kilienea sawasawa. Isack alimshukuru, akamwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa anaingia kwenye picha.

"Muulize yeye," alisema Mektrida. "Ndiye aliyechora."

Isack alifungua daftari. "Shikamoo, mama. Mume wako yupo?"

"Alikufa."

"Pole sana. Aliitwa nani?"

Mgeni alitaja jina refu. Isack aliliandika alivyoweza, na pembeni yake akaandika: mchoraji.

Jumamosi wazee walikunywa mbege, wakaongea vizuri. Baba mdogo Aloisi alisema kihamba ni cha mtoto wa kiume na pango ni sehemu ya kihamba, tena mtaalamu amethibitisha kwamba ni kazi ya wanaume. Mektrida angekaa mpaka kahawa ivunwe.

"Nimekaa hapa miaka hamsini na miwili, baba mdogo."

"Tunajua, mwanangu. Imeandikwa wapi?"

Mektrida aliacha vyombo bila kuosha, akaenda pangoni, akaweka mkono ukutani. Mgeni alimshika kifundo cha mkono.

"Tulia, la sivyo kitatoka kiganja cha mtu mwingine."

Alijaza rangi mdomoni, akapuliza kupitia mfupa wa ndege. Rangi ilikuwa ya uvuguvugu. Mektrida alipouondoa mkono, alitazama pale mahali kwa muda, akajisikia njaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wakaenda kula mtori.

Kahawa ilivunwa. Mektrida akapanga chumba mtaa wa Majengo, mjini, akawa anauza maziwa mtaani. Desemba alipanda Kilema kwa ubatizo, akapitia pangoni. Majani yalikuwa yameondolewa na kamba imefungwa mbele ya ukuta. Denis alikuwa anawaeleza watalii sita, na mgeni alichuchumaa kwenye kona akiwachora. Alikuwa amemfikia mtalii wa nne.

"Huu," alisema Denis, akionyesha mkono wa Mektrida, "inaaminika ni wa mkuu wa wawindaji."

Mektrida alinyoosha mkono kuelekea pale.

"Dada, tafadhali," alisema Denis kwa upole. "Michoro haiguswi."

Mektrida aliurudisha mkono, akamwamkia mchoraji, akaitikiwa, akashuka kanisani.